Sura ya Saba: Injini Kuukuu kwenye Hewa ya Sugoi

Gari likifika Sugoi limekwisha kupanda sana. Barabara inayotoka Mombasa huanza usawa wa bahari, ikapita Nairobi, ikashuka Bonde la Ufa, ikapanda tena hadi Timboroa kwenye mita zipatazo 2,700, ndipo ikateremka kuingia Eldoret, yapata mita 2,100. Ukishika njia ya Malaba, ukapita Maili Nne, Leseru na kituo cha Jua Kali, unaelekea Turbo. Sugoi iko upande huo, ndani ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa wa kaunti ya Uasin Gishu. Wakenya wengi hulijua jina hili kwa sababu ndiko nyumbani kwa Rais William Ruto, na siku za wageni wa siasa barabara hujaa magari makubwa yenye vioo vyeusi. Siku nyingine ni za pikapu ya Peugeot 504 iliyopangwa mitungi ya maziwa, Corolla ile wanayoiita 110, na Probox iliyobeba kuku, mbolea na watu kuliko viti vyake.

Ukongwe wa magari haya una historia yake. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mdogo wake, 504, akafuata kwa ushindi wa Ove Andersson mwaka 1975 na wa Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Baada ya matangazo ya namna hiyo, nani angemshawishi mkulima wa Uasin Gishu anunue gari jingine? Pikapu za 504 ziliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kwa hiyo spea zake zikaenea mpaka kwenye vituo vidogo, na mafundi wakaijua injini yake hata gizani. Toyota za miaka ya 1990 zilikuja kwa njia nyingine: mitumba ya Japani, ambayo Kenya huiruhusu kuingia ikiwa haijapita miaka 8. Corolla iliyoshushwa bandarini mwaka 2004 ikiwa na miaka 7 sasa imepita robo karne, na bado huamshwa alfajiri kwenda Eldoret.

Vitabu vya injini hizi viliandikwa Ufaransa na Japani, na vipimo vilivyomo ni vya injini inayovuta hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Sugoi hakuna hewa hiyo. Hapa hewa ina karibu asilimia 80 tu ya uzito wa hewa ya Mombasa, na upungufu huo unagusa kila kitu: nguvu ya injini, rangi ya moshi, joto la maji, hata namba inayosomeka kwenye geji ya fundi. Lawama nyingi zinazoiangukia injini kuukuu huku ni za mwinuko, na sehemu kubwa ya zile zinazobaki ni kasoro ndogo zilizopewa dawa kubwa. Kinachomaliza pesa za mwenye gari la zamani ni kukisia. Badilisha plagi, ikikataa, badilisha koili, ikikataa, badilisha pampu ya mafuta, na mwisho wa wiki fundi anagundua kuwa waya wa betri ulikuwa umelegea.

Injini ya petroli inataka hewa, mafuta, cheche na mgandamizo, kila kimoja kwa wakati wake. Hakuna cha tano isipokuwa kupozwa na kulainishwa. Kila hitilafu nitakayoitaja ni kukosekana kwa kimojawapo, na kazi ni kujua kipi kabla ya kutoa pochi.

Tuanze na alfajiri ya Julai, maana ndipo gari kuukuu linapomwaibisha mwenyewe. Baridi imeshuka kukaribia nyuzi 10, maziwa yanasubiriwa, na gari halitaki kuwaka. Sikiliza. Ukigeuza ufunguo ukasikia mlio mmoja mkavu na taa za dashibodi zikafifia, umeme haufiki kwenye stata. Ikizunguka kwa uvivu, betri imechoka au njia ya umeme imeziba. Ikizunguka kwa kasi yake ya kila siku lakini haishiki, iache betri. Tatizo ni cheche au mafuta. Milio hiyo mitatu hukuelekeza kwenye sehemu tatu tofauti za gari, lakini wengi huisikia yote na kusema tu "gari limekataa."

Betri hupimwa kwa mita ya umeme inayouzwa kwa bei ya chini ya plagi nne. Betri nzima, gari likiwa limezimwa usiku kucha, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki na kama nusu ya chaji, na kwenye baridi nusu hiyo haikufikishi mbali. Gari likiwaka, soma tena: alteneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Isipofika hapo, kununua betri mpya ni kuinunulia njaa. Kabla ya yote hayo, angalia vichwa vya betri. Ule unga mweupe wenye ukijani unaoota pale huzuia umeme. Umwagie maji ya moto, kwangua hadi madini yang'ae, kaza. Kisha fuata waya mnene unaotoka kwenye hasi hadi kwenye bodi, na ule mwingine unaounganisha bodi na injini. Huo wa pili husahauliwa kila injini inaposhushwa. Ukiwa umekatika au umeota kutu, stata huzunguka kama mgonjwa na watu huanza kuilaumu betri.

Ikiwa injini inazunguka vizuri bila kushika, tafuta cheche. Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze ganda lake la chuma juu ya sehemu tupu ya injini, na mtu mwingine apige stata. Ishike kwa koleo lenye mpira, na hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, rudi nyuma hatua kwa hatua: waya, kifuniko cha distributa, rota, koili. Msimu wa mvua, ambao upande huu unaweza kuanza Machi ukaendelea hadi Septemba, unyevu huingia ndani ya kifuniko cha distributa na umeme ukapotelea humo. Kitambaa kikavu kimeshawasha magari mengi. Kwenye 504 yenye pointi, zifungue uzitazame: mwanya wake ni karibu milimita 0.4, na zikiwa zimeungua na kuota vijipu, zipige msasa laini kwa ajili ya leo, kesho ununue nyingine pamoja na kondensa yake.

Plagi uliyoitoa ina habari nyingine, kwa hiyo usiirudishe kabla ya kuisoma. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, injini imezama: kanyaga mafuta hadi chini usiachie, piga stata kwa sekunde chache, hewa iingie ikaushe. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupigwa stata mara kadhaa, mafuta hayafiki. Pua yenye rangi ya kahawia iliyokolea kidogo ni ya injini yenye afya. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi kuliko hewa. Weusi wenye utelezi ni oili inayopenya kwenye silinda. Weupe uliokauka ni joto kupita kiasi, au hewa nyingi kuliko mafuta. Fundi asiyetazama plagi anazozitoa ananinyima imani.

Sasa tuseme gari limewaka lakini mwenyewe analalamika kuwa halina nguvu. Malalamiko haya huja sana kutoka kwa mtu aliyenunua gari Mombasa, akalijaribu kule likakimbia, kisha akalileta Sugoi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Ukipanda karibu mita 2,000, injini ya nguvu za farasi 100 imebaki na 80 hivi. Hakuna spea itakayozirudisha. Nimewaona watu wakibadilisha klachi, silensa na hata injini nzima wakitafuta farasi 20 waliobaki ufuoni.

Kwenye gari la kabureta kuna jambo la kurekebishwa kweli. Kabureta hupima mafuta kwa kufuata mwendo wa hewa inayopita, haijui kuwa hewa hiyo ni nyepesi. Ikiwa imepangwa kwa ajili ya pwani, huku itamwaga mafuta kuliko hewa inavyoweza kuyachoma: moshi mweusi, plagi zenye masizi, harufu ya petroli, na tangi linalokauka mapema. Tiba yake ni jeti ndogo zaidi ya mafuta na kurekebisha skrubu ya sailensi. Hata hivyo, kabla ya kugusa kabureta, fungua filta ya hewa. Vumbi la barabara za murramu na makapi ya mahindi huiziba, na filta iliyoziba huleta dalili zile zile. Toyota za miaka ya 1990 zenye injekta zina sensa inayopima presha ya hewa na kupunguza mafuta zenyewe, kwa hiyo zikitoa moshi mweusi usiusingizie mwinuko. Kuna kitu kimeharibika.

Kuchemsha kunataka nafasi kubwa katika sura hii kwa sababu ndiko kunakozika injini nyingi huku, na huzizika kwa namna inayowashangaza watu. Mtu husema: Sugoi ni baridi, gari litachemshaje? Tatizo haliko kwenye baridi ya nje. Maji hutokota kwa nyuzi 100 pale tu presha ya hewa inapokuwa ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa Sugoi hutokota kwenye nyuzi 93 hivi. Sasa tazama injini ya Corolla: thamostati huanza kufunguka karibu nyuzi 82, na feni ya umeme huwashwa maji yakifika nyuzi 93 hivi. Maana yake, kama maji yangekuwa wazi kwenye sufuria, yangetokota pale pale feni inapoanza kufikiria kuzunguka. Kinachoyazuia yasitokote ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye namba 0.9 huongeza presha ndani ya rejeta hadi maji yahimili kama nyuzi 115 hata huku juu. Kikichoka, hakuna kinachobaki. Mombasa gari lenye kifuniko kibovu lina nyuzi kadhaa za kujitetea kabla ya kutokota. Sugoi halina hata moja.

Kwa hiyo kagua kifuniko mwanzo, injini ikiwa baridi. Chini yake kuna mpira na springi. Mpira ukiwa mgumu, umepasuka au una alama nzito ya ukingo wa rejeta, kimekwisha. Bei yake haifanani hata kidogo na ya gasketi.

Thamostati nayo ina mkasa wake. Wakati mmoja kwenye kibanda cha chai pale Jua Kali niliona kesi ikisikilizwa. Fundi alikuwa ameining'iniza thamostati kwa uzi ndani ya sufuria, maji yakitokota, na mwenye gari, mzee aliyevaa koti la mvua, ameinamia mvuke.

"Mzee, hii imekufa. Maji yamechemka kabisa na imefunguka nusu tu."

"Sasa tufanye nini, fundi?"

"Tunaitoa, unaenda bila. Si huku ni baridi?"

Fundi hakuwa mjinga. Jaribio la sufuria ni jaribio zuri, limo katika kila kitabu. Lakini kitabu kinasema thamostati ile ianze kufunguka karibu nyuzi 82 na ifunguke kabisa kwenye nyuzi 95, na katika sufuria ya Jua Kali nyuzi 95 hazipatikani hata uchochee kuni hadi jioni. Thamostati nzima huku hufunguka sehemu tu, ikasimama. Kinachopaswa kutazamwa ni kama inaanza kufunguka kabla maji hayajatokota, na kama inafunga tena yakipoa. Ile ilifunga sawasawa. Kifuniko cha rejeta, kilichokuwa kimewekwa juu ya benchi bila kuangaliwa na mtu, kilikuwa na mpira uliopasuka pande mbili. Mama wa kibanda naye alikuwa anaitaka sufuria yake.

Na hata ingekuwa imekufa, kwenda bila thamostati ni ushauri mbaya, ingawa utausikia kila gereji kuanzia Malaba hadi Mombasa. Injini inayokwenda baridi hunywa mafuta zaidi, na petroli isiyoungua hushuka kwenye oili na kuila nguvu. Kwenye injini nyingi za Toyota kuna ubaya wa pili: thamostati ina sahani ya chini inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile hubaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kwenye mlima ambao zamani lilikuwa likiupanda bila shida.

Yaliyobaki ni ya kutazama kwa macho. Simama mbele ya rejeta na tochi. Baada ya mavuno, kuanzia Oktoba, pikapu zinazobeba mahindi kwenda maghala ya Eldoret na Moi's Bridge hurudi na makapi yaliyojipachika katikati ya mapezi. Yasukume kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, bila mashine ya nguvu inayoyalaza mapezi. Ndani ya rejeta, maji ya mto au ya kisima huleta kutu na chokaa. Kulenti inayofaa huzuia kutu, huongeza nyuzi za kutokota, na haina mbadala wa bure. Feni ya umeme ya Toyota hizi ina jaribio jepesi: washa swichi, chomoa plagi ya swichi ya joto iliyo kwenye njia ya maji, na feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, kagua fiuzi na rilei kabla ya kuhukumu mota. Kwenye Peugeot ambazo feni yake huvutwa na sumaku ya umeme, tazama kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo. Ikiisha, feni hubaki ikizubaa na hakuna kinachoonekana kimevunjika.

Gari likichemsha njiani, simama, zima, fungua boneti, ungoje. Kufungua kifuniko rejeta ikiwa moto ni kujimwagia mvuke usoni, maana maji yale yamepita nyuzi 100 na yanasubiri presha itoke. Kumwaga maji baridi kwenye injini ya moto ni kosa la pili: hedi ya aluminiamu hujikunja, na hapo kuchemsha kwa dakika 10 kumekuwa kazi ya mashine.

Gasketi ya hedi ikiungua hutoa ushahidi, ukijua pa kuutafuta. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji, washa. Mapovu yakiendelea kupanda bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta baada ya dakika moja au mbili: ukiwa umekuwa mgumu kabla maji hayajapata joto, ni ushahidi ule ule. Moshi mweupe mzito usioisha injini ikipata moto ni maji yanayochomwa. Chomoa kijiti cha oili: oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imechanganyika na maji. Hapa tena Sugoi ina mtego. Gari linaloendeshwa safari fupi kwenye baridi hukusanya unyevu, na chini ya kifuniko cha kujazia oili hutanda utando mweupe hata injini ikiwa nzima. Usikubali hedi ifunguliwe kwa ushahidi wa kifuniko peke yake. Kijiti ndicho shahidi.

Ikilazimu kufunguliwa, simama na fundi. Hedi iwekewe juu yake rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa fila geji. Kwenye Corolla, mkunjo ukizidi milimita 0.05 ipelekwe kwenye mashine ikachongwe. Kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyojikunja ni kupanga tarehe ya kuifungua tena. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu. Kwenye Toyota hizi hatua ya kwanza ni ya nguvu ndogo, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine. "Nitasikia kwa mkono" ni maneno ya mtu ambaye hatakuwepo gasketi ikivuja.

Mgandamizo nao umewapotosha wengi. Injini ya Corolla ikiwa mpya husoma karibu baa 13 kwenye geji, na kitabu kinasema ikishuka chini ya baa 10 hivi imechoka. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Injini ile ile, nzima kabisa, ikipimwa Sugoi itasoma kama baa 10 na nusu, kwa sababu silinda imevuta hewa iliyo pungufu. Ile iliyotumika kiasi, ambayo Mombasa ingesoma 11 na kupita, huku husoma chini ya 9 na kuhukumiwa kifo. Mwenyewe huambiwa atafute injini ya mtumba. Linganisha silinda kwa silinda badala ya kulinganisha na kitabu: zikikaribiana zote nne, tofauti isizidi baa 1, injini yako ina maisha. Ikiwa moja imeanguka peke yake, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi yake upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, tazama vali au gasketi. Plagi zote ziwe zimetolewa, cheche imekatwa, mafuta yamekanyagwa hadi chini na betri imejaa, la sivyo unapima uchovu wa stata.

Moshi wa buluu ni oili. Ukitoka kwa ghafla asubuhi kisha ukapotea, sili za vali zimekauka, na gari linaweza kuishi hivyo muda mrefu ukikagua kiwango cha oili kila wiki. Ukitoka muda wote, na zaidi linapovuta mzigo kupanda kutoka Turbo, ni ringi.

Injini inayomisi hutafutwa kwa masikio. Iache ingurume, chomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine kwa koleo lenye mpira, ukiurudisha mara moja. Silinda nzima ikikatwa, injini hutikisika na kushuka. Ile isiyoleta badiliko lolote ndiyo mgonjwa. Usiku, gizani, fungua boneti injini ikiwa inanguruma: waya zilizochoka huonekana zikitoa vicheche vya buluu kwenda kwenye chuma. Ukisikia mluzi mwembamba karibu na manifoldi, kuna mpira wa hewa uliopasuka.

Mafuta yenyewe nayo si ya kuaminiwa sana. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili tofauti ya bei isimshawishi mchakachuaji. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hugonga ikipanda mlima, huwaka kwa shida na kutoa moshi usio wake. Tatizo likianza ghafla baada ya kujaza, kilaumu kituo ulichojazia kabla ya kulaumu taimingi. Na usizoee kuendesha tangi likiwa karibu tupu: uchafu wa miaka 25 umelala chini pale, na pampu ndiyo inayouvuta.

Mkanda wa taimingi wa Corolla 110 ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kama umenunua gari bila rekodi, hesabu kuwa haujabadilishwa. Kwa injini ya 5A, ambayo ndiyo iliyo kwenye nyingi, ukikatika vali hazigongani na pistoni. Gari huzima tu, nawe unavutwa hadi nyumbani. Probox ina cheni, inayodumu ikibadilishiwa oili kwa wakati.

Ukienda gereji, iwe Sugoi au Eldoret mjini, mpe fundi dalili na umwachie ugonjwa autaje yeye: lini linatokea, injini ikiwa baridi au moto, ukipanda au ukiwa umesimama, moshi wa rangi gani. Muulize amepima nini. Spea ikibadilishwa, omba ya zamani urudi nayo. Andika volti za betri na mgandamizo wa kila silinda, pamoja na mahali ulipopimia, maana namba ya Mombasa haitakusaidia Sugoi. Na unaponunua kifuniko cha rejeta, soma namba iliyogongwa juu yake ulinganishe na ya gari lako. Kisicho na namba kiache dukani.